When You Reach Me: safari ya wakati isiyohitaji roketi

Watazamaji wangu, karibuni. Leo nimekuja na kitabu kimoja tu, tena chembamba, kurasa kama 200 hivi. Kinaitwa When You Reach Me, kimeandikwa na Rebecca Stead. Kilitoka Marekani mwaka 2009, na mwaka 2010 kikachukua Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule kwao. Niseme mapema: kama unatafuta roketi na vita vya sayari, hapa umekosea mlango.

Tuko New York, mwaka wa shule wa 1978 kwenda 1979. Miranda ana miaka 12, anaishi na mama yake kwenye jengo la ghorofa, na rafiki yake wa tangu wakiwa watoto wachanga ni Sal, anayekaa chini yao. Siku moja wanatoka shule, anatokea mvulana wasiyemjua, anamtandika Sal ngumi, basi. Kuanzia hapo Sal hamtaki tena Miranda. Wala hawajagombana! Anaingia kwao, anafunga mlango, na Miranda anabaki kwenye ngazi hajui kakosa nini. Kama umewahi kuachwa na rafiki bila maelezo, kurasa zile zitakuuma.

Halafu ufunguo wa akiba wa nyumba ya Miranda unapotea. Halafu vinaanza kuja vikaratasi. Anayeviandika anasema anakuja kuokoa maisha ya rafiki wa Miranda, na ya kwake mwenyewe, na anamwomba Miranda amwandikie barua. Kinachotisha ni kwamba vikaratasi hivi vinajua mambo ambayo bado hayajatokea. Kitabu chote Miranda anakisimulia akimwambia "wewe" fulani, na msomaji unabaki unajiuliza, wewe nani?

Upande wa sayansi ya kubuni, karibu wote uko kwenye maongezi ya watoto. Yule mpiga ngumi, Marcus, kumbe kichwa chake chote ni hesabu na fizikia. Miranda ana riwaya moja anayoisoma mpaka imechakaa, A Wrinkle in Time ya Madeleine L'Engle, ya mwaka 1962, ambamo watoto wanarudi nyumbani dakika tano kabla ya muda walioondoka. Marcus anamuuliza: sasa kama walirudi kabla ya kuondoka, mbona kabla ya kuondoka hawakujiona wakirudi? Miranda anakasirika kweli, kama mtu aliyetukaniwa ndugu. Baadaye Julia, msichana ambaye Miranda hampendi hata kidogo, anavua pete yenye vialmasi anaeleza wakati kwa kutumia pete ile. Niliurudia ukurasa huo, nikanyamaza, nikaurudia tena.

Sasa kilichonifanya niwashe kamera. Pale kona ya mtaa wao kuna mzee asiye na makazi. Analala kichwa kikiwa chini ya sanduku la posta, anacheka peke yake, anarusha mateke barabarani, anabwabwaja maneno ambayo kila mtu anayaona ya kichaa. Miranda anamwogopa, akipita anaangalia pembeni. Na wewe msomaji unaangalia pembeni naye! Mwandishi anakuwekea ushahidi wazi, unauruka, kwa sababu tu umeshaamua mtu yule hana la maana la kusema. Julia vilevile: Miranda anamwona anajidai, anayapima maneno yake yote kwa wivu, mpaka anakuja kugundua kwamba Julia alikuwa anamlinda Annemarie, rafiki yao, ambaye ana kifafa. Kwa hiyo fumbo haliwezi kufunguka mpaka Miranda ajifunze kuwatazama watu. Waandishi wengi wa vijana wanaweka kukua upande mmoja na mashine ya muda upande mwingine. Stead kavifunga kamba moja.

Lawama ninazo. Mwanzo unakwenda taratibu, majina yanamiminika, na kuna kipindi cha televisheni, The $20,000 Pyramid, mchezo wa kukisia jina la kundi la vitu kwa vidokezo ili ushinde pesa, ambacho mama yake Miranda anajiandaa kushiriki. Usipokijua, utajiuliza tunapotezewa muda kwa nini. Vumilia. Hata majina ya sura, "Vitu Unavyoficha" na mengine ya namna hiyo, yametoka kwenye mchezo huo. Mwishoni nako mambo yanaungana kwa kasi mno. Ningependa kurasa kumi zaidi za Miranda na Sal.

Kiingereza chake ni chepesi na sura ni fupi, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari anakimudu bila kamusi. Mzazi, kisome wewe kwanza, maana utataka mtu wa kubishana naye. Na mlioshakisoma, nawaomba, kwenye maoni andikeni chochote isipokuwa jina la aliyeandika vikaratasi. Atakayelitaja, namfuta!