Bandeji inayojishika yenyewe kwa watoto wa mbwa wasioweza kusimama: tathmini ya mtumiaji

Bandeji ninayoitathmini hapa ni ile ya kuvutika, inayojishika yenyewe bila kunata kwenye manyoya wala ngozi, ambayo maduka mengi ya dawa za mifugo huiuza ikiwa imeviringishwa, kwa upana wa sentimita 5, 7.5 au 10, na kwa nadra ule wa 2.5. Imetengenezwa kwa ajili ya kushikilia dawa kwenye vidonda na kukaza viungo vilivyoteguka. Mimi niliinunua kwa kazi nyingine, ya kumsaidia mtoto wa mbwa ambaye miguu yake ilitawanyika pembeni na kumwacha amelala kifudifudi wakati mwenzake ameshaanza kutembea. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Kwa kawaida mtoto wa mbwa hufumbua macho kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, hujiinua kwanza kwa miguu ya mbele kisha kwa ya nyuma, na afikapo wiki ya tatu huwa anatembea, japo kwa kuyumba. Mwenye tatizo hili hubaki akiogelea sakafuni: analalia kidari, anachapa miguu kushoto na kulia, wala hasongi mbele. Uzito wote ukielemea kidari, kifua ambacho mifupa yake bado ni laini hubonyea na kuwa bapa, moyo na mapafu hubanwa, na maziwa aliyonyonya huweza kurudi puani au kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Wetu alikuwa jike mnene, mmoja kati ya wawili tu waliozaliwa na mama mwenye maziwa tele. Nilipomgeuza niliona nyayo zake zingali laini na za waridi, hazina hata mkwaruzo, ilhali za ndugu yake zilikuwa zimekwisha kukauka na kuchubuka kwa kukanyaga.

Chanzo cha tatizo hili hakijathibitishwa. Wataalamu wanataja urithi, misuli isiyokomaa, uzito mkubwa kupita kiasi katika wiki za mwanzo na sakafu inayoteleza, na hali hii huonekana zaidi kwa mbwa wa miguu mifupi na vifua vipana kama bulldog, basset na dachshund, ingawa mbwa wa aina yoyote anaweza kuipata.

Kabla ya kununua chochote, mpeleke mtoto kwa daktari wa mifugo, nami nalisisitiza hili kwa sababu bandeji haitamsaidia mgonjwa wa ugonjwa mwingine. Upo ugonjwa unaosababishwa na kimelea kiitwacho Neospora caninum, kilichogunduliwa kwa mbwa nchini Norway mwaka 1984, ambacho mama huweza kuwaambukiza watoto wakiwa bado tumboni. Huku kwetu, ambako mbwa wengi huishi jirani na zizi na hula kondo la nyuma au ndama aliyetoka kabla ya wakati, ambavyo huweza kuwa na kimelea hiki, si jambo la kupuuzwa. Dalili yake ni miguu ya nyuma inayokakamaa ikiwa imenyooka, isiyokunjika hata ukijaribu kwa upole, na misuli inayonywea siku baada ya siku. Huyo anahitaji dawa, na anazihitaji mapema. Miguu ya mtoto anayeogelea hukunjika vizuri mkononi, ila tu mwenyewe hawezi kuileta chini ya mwili wake. Daktari aliyemwona wetu alianza kwa kukunja na kukunjua kila kiungo, akasikiliza kifua, ndipo akaniruhusu kufunga.

Ufungaji hauna ugumu, bali unadai uangalifu mwingi. Kila mguu wa nyuma unazungushiwa bandeji juu kidogo ya unyayo, kisha kipande kimoja kinapita katikati kuiunganisha miguu yote miwili katika umbo la nane, na kwa hapo katikati bandeji inajishika yenyewe na kuwa mkanda mwembamba imara. Nafasi kati ya miguu inapaswa kulingana na upana wa nyonga. Kwa miguu ya mbele, upana wa mabega. Ukiiachia nafasi kubwa, miguu hutawanyika kama kawaida; ukiibana mno, mtoto huanguka ubavu kila anapojaribu kusimama, hukata tamaa na kuacha kujaribu. Wafugaji wa ng'ombe watalielewa jambo hili upesi, kwani ni sawa na kumfunga ng'ombe miguu wakati wa kukamua, isipokuwa hapa tunamwezesha mnyama kusimama badala ya kumzuia asirushe teke.

Sifa kubwa ya bandeji hii ni kwamba inatoka bila kung'oa manyoya. Mara ya kwanza duka moja liliniuzia plasta ya kunata ya binadamu, na kuibandua kulimwacha mtoto na ngozi nyekundu iliyomsumbua kuliko ile miguu yenyewe. Sifa ya pili ni kwamba unaweza kuifungua na kuifunga upya mara kwa mara, jambo la lazima kwa mtoto anayekua haraka kiasi kwamba kipimo cha juzi kinaweza kumbana leo.

Kasoro yake kubwa ndiyo iliyoifanya ipoteze nyota moja. Kwa kuwa inavutika, huendelea kukaza baada ya kufungwa, na ukiizungusha ukiwa umeivuta, itazuia damu. Kunjua kwanza kipande unachokihitaji, kiache kilegee, halafu kilaze juu ya mguu bila kukivuta. Vidole viangaliwe mara nyingi kwa siku, na vikivimba au vikiwa vya baridi, fungua papo hapo. Tena, hunyonya mkojo, na mtoto anayelala kifudifudi hulala juu ya mkojo wake mwenyewe, hivyo bandeji mbichi iondolewe na ngozi ikaushwe kabla ya kufunga nyingine. Upana wa sentimita 5 ni mkubwa mno kwa mguu mdogo kiasi hicho, na wauzaji wengi hawaleti ule wa 2.5, kwa hiyo nililazimika kuukata kwa mkasi, na kingo zilizokatwa huanza kuchanika nyuzi.

Hata hivyo, ningempa bandeji hii mtu anayekaa kwenye nyumba ya vigae bila kumwambia abadili sakafu, ningekuwa nimempotezea fedha. Sakafu ya vigae au ya saruji iliyosuguliwa hadi kung'aa haimpi mtoto pa kukita kucha. Tandika kapeti yenye vinyweleo vifupi au mkeka wa mpira wenye michirizi, na juu yake taulo lililovutwa vizuri lisijikunje. Siku tulipomhamishia kwenye mkeka, nilisikia kucha zake zikikwaruza kwa mara ya kwanza, na nikaona mabega yakipanda.

Sehemu iliyobaki ni ya mikono yako. Kila baada ya kunyonya na kupumzika, fungua bandeji, sugua misuli ya mapaja taratibu, kunja na kunjua miguu kama anayetembea, kisha mshike chini ya tumbo ili nyayo ziguse mkeka na abebe uzito kidogo. Vipindi vifupi vingi ni bora kuliko kimoja kirefu. Daktari akiridhia, unaweza kumwogelesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu huku umemshika kidari na kichwa kikiwa juu, kisha umkaushe vizuri, kwani mtoto wa umri huo hawezi bado kutunza joto la mwili wake. Akilala, mlaze ubavu, na umbadilishe, ili kifua kipate kurudi katika umbo lake. Wengi wanaoanza mapema, mifupa ikiwa laini, husimama ndani ya wiki moja hadi nne, na wetu alikuwa miongoni mwao.

Usiinunue bandeji hii kwa mtoto mkubwa zaidi, wa miezi miwili hadi minne, wa mbwa wa maumbo makubwa, ambaye alishatembea vizuri na sasa viungo vya chini vya miguu ya mbele vimelegea na kukunjwa upande. Huyo ana tatizo jingine, na kumfunga humdhoofisha zaidi. Kinachomfaa ni sakafu isiyoteleza, matembezi ya kiasi na chakula chenye uwiano sahihi wa kalsiamu na fosforasi, wala si nyama tupu.