Uhakiki wa namba ya simu kwenye hifadhi za mtandaoni: Google, Apple, Microsoft, Dropbox na MEGA

Namba ya simu kwenye akaunti ya hifadhi ina kazi mbili, na wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni ya siku ya kujisajili: kampuni inataka kuhakikisha kwamba anayefungua akaunti ni mtu, maana kuna programu zinazofungua akaunti kwa maelfu ili kujipatia gigabaiti za bure. Kazi ya pili ni kukurudisha ndani ukisahau nenosiri au ukipoteza kifaa. Ile ya kwanza namba inaiweza. Ya pili haiiwezi peke yake, na huduma hizi tano tunazipima hapo.

Google ndiyo yenye masharti makali zaidi siku ya kujisajili. Inatoa GB 15 bure, zinazogawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha, na mara nyingi huwezi kuendelea bila namba. Msimbo wa SMS una tarakimu 6 na hutanguliwa na herufi G na kistari. Kwa kawaida G hiyo tayari imo kwenye kisanduku, kwa hiyo andika tarakimu tu. Ukiambiwa namba hiyo imeshatumika mara nyingi mno, usihangaike kubadilisha kivinjari au kufuta historia: kizuizi kiko kwenye namba yenyewe, tumia laini nyingine. Namba za intaneti, yaani zisizo na laini ya simu ya kawaida, nazo hukataliwa mara kwa mara. Ukishaingia, Google inalipa usumbufu huo: unaweza kuweka programu ya misimbo (huzalisha misimbo ndani ya simu bila SMS), funguo za siri za kifaa (unaingia kwa alama ya kidole, uso au PIN ya kifaa badala ya nenosiri), na misimbo 10 ya akiba yenye tarakimu 8 kila mmoja, inayotumika mara moja tu. Kwa upana wa njia za kurudi ndani, tunaiweka juu.

Apple hutoa GB 5 na katika uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha msimbo) hudai angalau namba moja ya kuaminika. Uzuri wake ni kwamba msimbo huonekana pia kwenye iPhone, iPad au Mac ambayo tayari iko kwenye akaunti, kwa hiyo SMS ikichelewa hukwami. Weka namba ya pili, ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Kuna pia ufunguo wa urejeshaji wenye herufi na tarakimu 28. Ukiuwasha ujue umebeba dhamana yote mwenyewe: ukiupoteza pamoja na vifaa vyako, hata Apple haitaweza kukufungulia.

OneDrive ya Microsoft, GB 5 pia, ina kanuni moja inayowashtua watu: ukibadilisha taarifa zako zote za usalama kwa mkupuo, unasubiri siku 30 kabla mpya hazijaanza kutumika. Ukichukizwa nayo, kumbuka kwamba aliyeiba nenosiri lako naye anasubirishwa hivyo hivyo, na wewe unapata nafasi ya kufuta ombi lake. Weka namba na barua pepe ya pili mapema, ili ikipotea moja nyingine ibaki.

Dropbox (GB 2) hufunguliwa kwa barua pepe tu, na SMS ni ya hiari unapowasha hatua mbili. MEGA (GB 20) nayo hutumia barua pepe, na hatua yake ya pili ni programu ya misimbo. Kwa asiyetaka kutoa namba, MEGA ndiyo chaguo letu, ila mafaili yamefungwa kwa nenosiri lako: ukilisahau nawe huna ufunguo wa urejeshaji wala kifaa kingine ambacho bado kimo ndani, mafaili ndiyo basi.

Msimbo usipofika, anza na namba uliyoandika. Ukishachagua nchi kwenye orodha, acha sifuri ya mwanzo na usirudie msimbo wa nchi. Kisha angalia kama laini hiyo imewashwa, hasa kwenye simu ya laini mbili, na pekua folda ya ujumbe taka. Aliyewahi kuomba mtandao wake uzuie SMS za matangazo huenda amezuia na hizi. Kubwa kuliko yote: usibonyeze “tuma tena” kwa pupa. Msimbo mpya kwa kawaida huua wa zamani, na SMS zikichelewa huja bila mpangilio. Unaandika uliofika sasa hivi kumbe ulishakufa. Ukizidisha maombi, unaweza kufungiwa kwa muda. Subiri dakika chache, kisha omba kupigiwa simu kama huduma inaruhusu. Wakati mwingine sauti hupita pale SMS inapokwama.

Tovuti zinazotoa namba za bure za kupokea SMS ziepuke kabisa. Msimbo wako unasomwa na kila aliyefungua ukurasa huo, na kesho mtu mwingine anaweza kuomba kurejesha akaunti yako kupitia namba hiyo hiyo.

Hata laini halali ina udhaifu. Tapeli akimshawishi wakala aihamishie namba yako kwenye kadi nyingine, misimbo yote inaenda kwake. Ndiyo maana mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka SMS kwenye kundi la njia zenye masharti. Programu ya misimbo ni salama zaidi: huzalisha tarakimu 6 kila sekunde 30 ndani ya simu, hata bila mtandao. Msimbo wake ukikataliwa, kosa mara nyingi ni saa ya simu. Weka tarehe na muda vijirekebishe vyenyewe. Misimbo ya akiba iandike kwenye karatasi. Ukiihifadhi ndani ya Drive ile ile, siku ya kufungiwa nje nayo imefungiwa ndani.

Unapoacha laini, fuata mpangilio huu: ingia ukiwa bado na laini ya zamani, ongeza mpya, ithibitishe, jaribu kuingia kwa dirisha la faragha la kivinjari, ndipo uondoe ya zamani. Laini isiyotumika hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa upya, na mteja mpya ataanza kupokea misimbo ya akaunti ambazo hukuiondoa namba hiyo.