Arctic MX-4 kwenye kompyuta za mtumba: pesti nzuri, lakini chunguza kwanza

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwenye akedi (majengo ya maduka) za Kampala ni Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa hapa. Mashine kama OptiPlex 7010, ya mwaka 2012, ikianza kuunguruma, kuganda au kuzimika ghafla na kuandika kwenye skrini kwamba ilizimwa na joto, jibu la haraka la mafundi wengi ni kwamba pesti ya prosesa imekauka, yaani ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki (chuma chenye mapezi kinachoipoza) ili joto livuke. Mara nyingi ni kweli. Nayo Arctic MX-4, iliyoko sokoni tangu 2010, ni pesti ya kuaminika kwa kazi hiyo. Ila kuna joto ambalo hakuna pesti inayoweza kuliondoa, na ni vizuri kulitambua kabla ya kutoa pesa.

Sakinisha HWiNFO au Core Temp, programu za kusoma joto la kompyuta. Zote ni za bure. Soma joto la prosesa mashine ikiwa imetulia, halafu ipe kazi nzito na utazame namba zinavyopanda. Katika chumba cha kawaida cha Kampala, nyuzi 35 hadi 50 bila kazi na 60 hadi 80 chini ya kazi ni sawa kabisa. Muhimu zaidi ni mwendo wa kupanda. Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki: pesti imekufa, au hitisinki haijakaza. Ikipanda polepole kwa dakika kumi na zaidi, joto linavuka vizuri ila hewa hailitoi nje. Hapo shida ni vumbi au feni iliyochoka, na MX-4 haitabadilisha kitu.

Vumbi la kwetu lina tabia yake. Lile jekundu la barabara za murramu ni laini mno, na nyumba inayopikia sigiri huongeza moshi wenye mafuta, hivyo uchafu unagandamana katikati ya mapezi ya hitisinki kama blanketi. Kupuliza peke yake hakutoshi. Ondoa feni, sugua mapezi kwa brashi ndogo ya rangi iliyo kavu, ndipo upulize. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati wa kupuliza, maana yakizungushwa kwa kasi kuliko yalivyoundwa beringi huharibika. Kompresa ya kujazia tairi iepukwe: hutema maji na mafuta pamoja na hewa. Usisahau pawa saplai na matundu ya mbele ya kasha; OptiPlex ndogo huvuta hewa yote kutoka mbele, na ukiisukumia ukutani au ndani ya kabati la meza, umeiziba pua.

Ikiwa dalili zinaelekeza kwenye pesti, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza chaji, kisha legeza skrubu za hitisinki kidogo kidogo kwa mshazari. Kwenye AMD za zamani zenye pini chini ya prosesa, washa mashine kwanza ipate moto, izime, halafu zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Pesti iliyokauka inaweza kung'oa prosesa nzima kutoka kwenye soketi na kupinda pini.

Futa pesti ya zamani kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Hapa watu wengi hukosea: wanatumia spiriti ya vidonda kutoka famasi. Baadhi yake imechanganywa na mafuta ya mbarika, na mafuta hayo hubaki kama utando pale pale unapotaka pasiwe na kitu. Soma lebo.

MX-4 ni laini, haihitaji kusambazwa kwa kadi. Weka tone la upana wa milimita 4 au 5 katikati ya prosesa, shusha hitisinki wima, kaza skrubu kwa mshazari, mzunguko nusu nusu. Mgandamizo utaisambaza. Kwa kiasi hicho bomba la gramu 4 linatosha zaidi ya prosesa kumi, kwa hiyo majirani wakichangia bomba moja hakuna anayepunjwa. Ikimwagika kidogo pembeni, usihofu: haina chuma na haipitishi umeme. Kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua.

Sasa ile namba ya kwenye pakiti. MX-4 hutangazwa kwa wati 8.5 kwa mita kwa kelvini, kipimo cha uwezo wa kupitisha joto. Pesti ya kijivu ya bei rahisi inayopatikana sana, HY510, huandikwa 1.93. Inaonekana ni tofauti ya mara nne, lakini pesti ikikaa vizuri ni utando wa sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa prosesa kama Core i5-3470 ya Intel, ya wati 77, hesabu ya utando wa milimita 0.05 inatoa tofauti ya nyuzi mbili hivi. Kwa hiyo kama ile ya kijivu ni mpya na imepakwa vizuri, haina haja ya kufutwa kwa ajili ya namba. MX-4 inastahili bei yake kwa sababu nyingine: inasambaa yenyewe na kwenye prosesa ya mezani inakaa miaka bila kukauka.

Kwa laptopu hatuisifu hivyo. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma, na pesti laini husukumwa pembeni kila mashine inapopata moto na kupoa, hadi katikati panabaki pakavu. Pedi ya Honeywell PTM7950, inayolainika kwa joto, inafaa zaidi huko. Tena, usipake MX-4 mahali palipokuwa na pedi nene, kwa mfano juu ya chipu za memori za kadi ya video. Nafasi ile ni pana, pesti haiwezi kuijaza.

Bidhaa bandia zipo. Kampuni imeweka njia ya kuhakiki pakiti kwenye tovuti yake, basi fanya hivyo ukiwa bado dukani. Pesti inayotoka ikiwa na mafuta yaliyojitenga, au yenye chengachenga, irudishe.

Baada ya yote hayo, i5-3470 yako ikiendelea kugusa 90 huku feni inazunguka na mapezi ni safi, shida inaweza kuwa ndani. Kuanzia kizazi cha tatu, mwaka 2012, Intel iliacha kulehemu kifuniko cha chuma cha prosesa hizi za mezani na badala yake ikatia pesti chini yake, nayo huzeeka mahali usipoweza kufika bila kung'oa kifuniko. Usinunue bomba la pili. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, shusha kiwango cha juu kutoka asilimia 100 hadi 99. Hilo linazima Turbo (hali ya kujiongezea kasi), prosesa inabaki kwenye gigahezi 3.2 badala ya kupanda hadi 3.6, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana, huku kuandika, kutazama video na masomo ya watoto yakiendelea kama kawaida.