Haipo ya kusafishia mzizi wa jino: kamata chupa kwanza, asilimia baadae

Leo napanga dawa za kuoshea mzizi wa jino ambazo zinaua fangasi, namba moja mpaka tatu, ila kwanza, jamani nimelizwa. Nilinunua katoni nzima ya sodiamu haipokloraiti, hii ambayo pale klinikini tunaiita haipo kwa mkato, lebo inasema asilimia 5.25, bei ya kutamanisha, nikajiona mjanja kuliko wenzangu wote. Wiki kadhaa baadae nikatoa kiini cha jino la mgonjwa nikakitumbukiza kwenye kikombe cha dawa ile ile, huwa napenda kufanya hivyo, maana haipo iliyo hai inakila kile kinyama mbele ya macho yako, inatoa mapovu mpaka kinaisha. Kikakaa. Dakika zinaenda, kipo tu kinanitazama. Klorini ndo ilikuwa haipo.

Sasa kwanini nalalamikia fangasi na sio bakteria kama watu wengine, ni kwasababu ya yale meno yaliyokwisha kuzibwa mzizi yakagoma, unafungua upya na ndani mara nyingine unamkuta fangasi anaitwa Candida albicans. Huyu mdudu anatoa nyuzi, anajipenyeza kwenye vijitundu vya dentini, ile sehemu ngumu inayozunguka kiini cha jino, alafu dawa ya kalsiamu haidroksaidi tunayoiacha ndani kusubiri mgonjwa arudi haimtishi kihivyo, ukali wa alkali unaoua bakteria wengi yeye anauvumilia. Kwahiyo ni kwenye kuosha ndo unamuua. Ukiosha na maji mfu umemjengea nyumba na paa juu.

Sitaongelea asilimia 3 au 5 ipi bora, hilo limeshabishaniwa sana, unaweza kutumia nyepesi ukaibadilisha mara nyingi mferejini, yani lile tundu la ndani ya mzizi, ikafanya kazi. Mi naongelea chupa. Haipo inaoza yenyewe: joto, mwanga, kifuniko kilicholegea, vyote vinaila, na kadri ilivyo kali ndivyo inavyooza haraka zaidi. Yani ile 5.25 uliyoilipia pesa nyingi, ikikaa stoo ya bati Dar mwezi wa kwanza, inashuka kwa kasi kuliko ya 3 iliyokaa pembeni yake. Kwahiyo chupa iwe haipitishi mwanga, kifuniko ukikigeuza juu chini isichuruzike, na muhimu kuliko vyote, tarehe ya KUTENGENEZWA. Tarehe ya kuisha muda haikwambii chochote kama mzigo umekaa juani bandarini.

Namba moja kwangu ni haipo, na chupa ninayoichagua ni Parcan ya kampuni ya Septodont, asilimia 3, na sijifichi, naipenda. Kila chupa niliyofungua imekula nyama vizuri. Ikikosekana, haipo ya CanalPro ya kampuni ya Coltene ya asilimia 3, sio ile ya 6, sababu nimeshasema. Kandida akiguswa na haipo nzima anakufa haraka, shida yetu ni kumfikia tu.

Na hapo ndo inaingia namba mbili, EDTA ya asilimia 17, kemikali inayonyakua kalsiamu. Wengi wanaiona ni ya kulainishia mfereji tu. Ukishapitisha faili, kile kisindano cha kukwangulia, kwenye ukuta wa mfereji kunabaki utando wa unga wa dentini, na fangasi anajificha nyuma yake, dawa inapita juu juu. EDTA inautoa ule utando, na pia inanyakua kalsiamu ambayo Kandida anaitumia kujishikiza. Dakika moja hivi inatosha, alafu unarudi na haipo. Ila msizichanganye kwenye sirinji moja, EDTA inaimaliza klorini kabla haijafika popote.

Namba tatu klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 2, nasema 2, kuna muuzaji alinipa ya kusukutua ya 0.2 akaniapia ni ile ile. Fangasi inamuua vizuri, inaganda kwenye dentini na kuendelea kufanya kazi siku kadhaa. Kinyama haiyeyushi hata kidogo, ndo maana iko ya tatu. Na ikikutana na haipo mferejini inatoa uchafu wa kahawia unaoziba vile vijitundu, osha na salaini katikati, kausha na pepa pointi, vile vijiti vya karatasi, ndo uiweke.

JIK ya dukani? Kemikali ni ile ile, ila chagua isiyo na manukato, nguvu yake unaikisia, na mimi sitaki kukisia ndani ya jino la mtu. Haidrojeni peroksaidi ni mapovu tu ya kufurahisha macho.

Sasa wauzaji wetu. Unakuta stika ya bei imebandikwa juu ya tarehe, ukiibandua unaambiwa dokta unaharibu bidhaa. Bei inapanda dola ikipanda, dola ikishuka bei haijui. Chupa zimepangwa dirishani ili zionekane, jua la saa nane linazipiga, ukiuliza kwanini haziko ndani kwenye baridi anakwambia haya sio maziwa.

Siku hizi naenda na kipande cha nyama ya ng'ombe kwenye kimfuko, nanunua chupa moja, najaribia pale pale kaunta, ikitoa mapovu ndo nachukua katoni. Wananicheka, wacheke.

Ile katoni nilijaribu kuirudisha dukani. Jamaa akaitazama, akanitazama, akasema, "Dokta, si uongeze tu dozi?" Bado ninayo, tunadekia choo cha klinikini, na choo chenyewe hakitakati.