Nimerudi kwenye kamera, bega halilalamiki tena

Kilichoniachisha kupiga picha ni uzito, hakuna kingine. Kamera yangu ya Canon 5D Mark III ikiwa na betri na kadi ni gramu 950. Lenzi ya 24-70mm (namba za uvutaji) f/2.8 (upana wa tundu la kuingiza mwanga) toleo la pili ni gramu 805, na 70-200 f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu. Hapo hujaweka flashi wala chupa ya maji. Tembea na mzigo huo kwa miguu kutoka mjini Mwanza hadi Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, jua la saa tano likiwa kichwani: ukifika unatafuta pa kukaa, si cha kupiga. Mwishowe begi likahamia juu ya kabati, nikabaki na simu kama watu wote.

Sasa natumia Olympus OM-D E-M10 Mark II ya mtumba. Ni kamera ya mwaka 2015, kwa hiyo mtu anaweza kuinunua bila kugombana na nyumbani. Na betri na kadi ni gramu 390. Nina lenzi mbili: 45mm f/1.8 yenye gramu 116 na 40-150mm f/4-5.6 yenye gramu 190. Vyote kwa pamoja ni vyepesi kuliko bodi tupu ya ile Canon. Sababu ni sensa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ndogo ya aina ya Micro Four Thirds, milimita 17.3 kwa 13: lenzi ya 40-150 inavuta kama 80-300 ya fremu kamili, yaani sensa kubwa kama ya ile Canon, bila kubeba vioo vizito.

Faida ambayo sikuitarajia niliikuta kwa watu. Zamani nikiinua Canon pale Mwaloni kazi ilisimama. Huyu anauliza natoka gazeti gani, yule anataka hela, wa tatu anachomekea shati. Hii hawaijali. Skrini yake inainuka, unaishika usawa wa tumbo, unagusa kwa kidole, picha imetoka. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa aliitazama akacheka: "Hako kadude kanatoa picha kweli, baba?" Nikamwonyesha mikono yake, magamba yamenata kwenye kucha yanang'aa kama bati jipya. "Haya, na sura basi," akasema, lakini hakuacha kugeuza.

Jioni nayo inajitahidi. Sensa inatulizwa mtikisiko kwa mihimili 5, yaani pande tano za kutikisika, kwa hiyo Jiwe la Bismarck pale ziwani baada ya jua kuzama nalipiga kwa mkono tu, stendi nimeiacha nyumbani. Ila msidanganyike: utulizaji huo ni wa mikono yako, si wa watu. Abiria wanaoshuka kivuko cha Kamanga gizani watatoka ukungu usipopandisha ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga), na kwa macho yangu kuanzia 3200 chengachenga zinaanza kukera.

Kwa ndege wanaoruka, tafuta kamera nyingine. Fokasi yake inapima utofauti wa mwanga peke yake, inakwenda mbele na kurudi nyuma hadi ikamate. Korongo aliyezubaa juu ya jiwe, sawa. Mdiria anayejitosa majini ameshameza samaki wewe bado unasubiri. Pia haina kinga ya maji, na mvua ya ziwani haipigi hodi, kwa hiyo natembea na mfuko wa nailoni.

Betri ndiyo inayoniudhi zaidi. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ni picha 320 kwa chaji moja, wakati ya 5D Mark III ni 950. Na haichajiwi ikiwa ndani ya kamera, pawabenki haikusaidii kitu. Umeme ukikatika usiku, asubuhi huna safari. Nunua betri mbili tangu mwanzo. Ukikagua ya mtumba, zungusha magurudumu yote ya juu, inua na kushusha skrini mara kadhaa, halafu usitoe hela kabla hujaiona chaja yake ikiwaka taa.