TAHADHARI: Mzee anayeuza "vyombo vya fedha vya ukoo wa Lodi" (kabaila wa Kiingereza) hapa Uingereza ni tapeli, kanila pauni 1,850

Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja, hata baba watoto nimemdanganya kwamba mzigo bado haujafika. Jana nikasikia kuna dada wa Leicester amealikwa Jumamosi akaone "vyombo vya babu". Ni huyu huyu. Bora niaibike mimi kuliko mwenzangu naye alizwe.

Shughuli ya Julai mnaijua, na maneno niliyoyatoa mbele ya watu mnayajua, kwamba mama mkubwa haendi mikono mitupu. Ndiyo maana nikatafuta vyombo vya fedha vya zawadi. Hela ni za upatu, zamu yangu ilikuwa imefika.

Tulikutana kwenye ukumbi wa hoteli nje kidogo ya Reading, Jumapili saa nane mchana. Mzee wa Kizungu, koti la sufu limechakaa viwikoni, viatu vinang'aa. Kwa mazoea tu nikamwambia shikamoo. Akajibu "marahaba mama, pole na safari", bila kusita! Akasema baba yake alikuwa Diisii, mkuu wa wilaya wa kikoloni, Kenya, na yeye kalelewa na yaya wa Malindi. Jamani, niambieni nani kati yenu asingelegea pale.

Akaniagizia chai. Kisha akapandisha sanduku mezani kwa mikono miwili, polepole, kama analaza mtoto. Sanduku la mkangazi, kona za shaba, ndani kitambaa cha kijani, kila kijiko na kitanda chake. Vyombo vya watu kumi na wawili. Akachomoa uma mmoja, akanipa na kioo cha kukuzia. "Tazama mwenyewe." Nikatazama. Simba anatembea, mguu wa mbele kaunyanyua: hiyo ndiyo fedha halisi, sehemu 925 kwa 1,000. Kichwa cha chui: London. Herufi ya mwaka. Kichwa cha mfalme, alama ya ushuru iliyopigwa kuanzia 1784 mpaka 1890. Mwisho, herufi za fundi. Yote aliyonieleza nimekuja kuyahakiki baadaye na yote ni kweli, na hilo ndilo linalonichoma. Alinisomesha ukweli mtupu juu ya uma mmoja ili niumeze uongo wa sanduku zima. "Hivi vingine ni ndugu zake," akasema, "vyote vya 1790." Nikanyoosha mkono kuchukua kijiko, naye akakipokea kile kioo eti akifute vumbi. Hakikurudi. Badala yake akanionyesha nembo ya ukoo, kichwa cha ndege mwenye mdomo uliopinda, kimechorwa kwenye kila mpini. Kidole chake kikapita juu yake, changu kikafuata.

Nilimuuliza kwa nini anauza rahisi. Akasema Lodi amefariki na familia inadaiwa kodi ya urithi. Kodi hiyo ipo, asilimia 40 ya kinachozidi kiwango, nani asiyeijua hapa? Nilimuuliza visu, mbona makali yameandikwa kwamba ni chuma kisichoshika kutu. Akasema makali ya zamani yaliliwa na kutu, yakabadilishwa. Na hilo nalo hufanyika kweli kwa visu vya kale. Wala hakunikimbiza, aliniambia nikalale nalo kwanza. Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia saa tatu usiku na kutuma hela.

Sonara wa Hatton Garden, mtaa wa masonara London, hakugusa hata kioo. Aligeuza kijiko, akanitazama kwa huruma. Mgongoni mwake kulikuwa na vingao vinne vidogo, kila kimoja na herufi ya mapambo: E, P, N, S. Nilikuwa nimeviona nikadhani ndiyo mihuri! Ni shaba, nikeli na zinki, imechovywa fedha kwa umeme, kazi ambayo akina Elkington wa Birmingham waliipatia hataza 1840. Kijiko cha 1790 kingechovywaje? Na nembo imechorwa juzi, kingo zake bado zinakwaruza kidole. Nembo iliyofutwafutwa miaka mia mbili huwa imelainika. Katika sanduku zima, fedha ni ule uma mmoja tu.

Benki yangu inasema nilituma kwa hiari, ni ugomvi wa mnunuzi na muuzaji. Ugomvi gani? Sheria ya mihuri ya 1973 inasema mfanyabiashara kukuuzia kitu kisicho fedha kwa jina la fedha ni kosa la jinai. Nimeripoti polisi na halmashauri. Nataka afungwe. Nataka asimame kizimbani na lile koti lake, aulizwe ni yaya gani wa Malindi aliyemfundisha wizi. Mtu anayetumia lugha ya mama zetu kutuibia hastahili faini, anastahili jela, na kila senti ya upatu irudi.

Kwa atakayealikwa: shika kila kipande, utafute simba kwenye kila kimoja. Ukiona EPNS au A1 (alama ya daraja la uchovyaji), si fedha. Sumaku haisaidii, hivyo vya kuchovya navyo havinaswi. Tazama mgongo wa kijiko pale kinapogusa meza, rangi ikiwa ya kijivujivu yenye umanjano, fedha imeshalika. Na nilimwomba tukutane kwa sonara, akakataa, eti jina la ukoo litachafuka madukani. Hapo ndipo ningenyanyuka.

Dada wa Leicester, usiende Jumamosi peke yako. Nipigie kwanza. Nitakuja na ule uma.