Miezi 14 na seramiki, 9 na filamu ya kulinda rangi: Toyota Harrier nyeusi kwenye jua la Dar

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilinunua gari jeusi. Harrier ya 2015, kwenye kibati imeandikwa rangi namba 202, ile nyeusi tupu isiyo na chembe za kumetameta. Ikishaoshwa unaweza kusimama mlangoni ukanyoa ndevu. Kesho yake imeshakuwa ya kijivu kwa vumbi la Goba, na jua la saa saba likiipiga sawasawa unaona kazi ya kila kijana aliyewahi kuisugua kwa tambara: duara juu ya duara, utando wa buibui boneti nzima.

Nilikuwa nimeshaangalia video nyingi za maji yakikimbia juu ya boneti kama kwenye jani la gimbi. Nikatafuta fundi wa seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikakauka kuwa tabaka la kinga, nikampata. Akaniambia seramiki yake ni 9H, "inakaribia almasi, bosi, hata jiwe halifanyi kitu." Nikalipa 900,000 nikiwa na furaha zangu.

Baadaye ndipo nilipoelewa ile H inatoka wapi. Ni ugumu wa penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanazisukuma juu ya rangi, wanaangalia ipi inaacha alama. Almasi iko 10 kwenye kipimo kingine kabisa, cha madini, na vipimo hivyo viwili havijuani. Halafu tabaka lenyewe la seramiki lina unene wa mikroni moja au mbili hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 na kitu. Sasa jiwe linalorushwa na tairi la semi litazuiwa vipi na kitu chembamba hivyo?

Lakini siku ile sikujua. Gari lilikaa kwake siku mbili. Likaoshwa, likapitishwa udongo wa kunata unaong'oa uchafu uliojishikiza kwenye rangi, kisha polishi ya mashine kwa saa nyingi. Niseme ukweli: ule mng'ao ulionifanya nipige picha 20 ulitokana na polishi. Seramiki iliufunika tu usiondoke haraka. Na polishi ina gharama yake isiyoandikwa kwenye risiti, maana kila ikipita inakula kidogo lile tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi rangi wanaliita klia. Halijazwi tena. Kwa hiyo usimruhusu kila mwenye mashine "akupigie polishi kidogo".

Kazi yake haikuwa mbaya, ila haikuwa safi. Dawa ya seramiki ikishapakwa inabidi ifutwe kwa wakati wake, ikianza kuonyesha rangi za upinde wa mvua. Ukichelewa inakauka na kuacha mabaka. Juu ya paa langu yalibaki mabaka matatu, nikayagundua nyumbani nikiwa nimesimama ghorofani. Nilirudi, akayaondoa kwa polishi na kupaka upya bila kuniongezea bei, huku akinung'unika kwamba nani ataangalia paa. Mimi nitaangalia.

Wiki ya tano nikaenda Dodoma kwenye harusi. Kati ya Chalinze na Morogoro nilikaa nyuma ya semi moja kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa, kuna kipande walikuwa wanakarabati barabara, kokoto zimetapakaa. Tak. Tak tak. Mke wangu akaniangalia, mimi nikaangalia mbele. Tulipofika nikahesabu: alama saba, nne kwenye boneti na tatu kwenye bampa, mbili kati ya zile za boneti zimefika kwenye rangi ya chini ile nyeupe. Kwenye gari jeusi kidoa cheupe unakiona ukiwa barabarani.

Hapo nilitaka kuichukia seramiki, lakini si haki. Kosa ni kuuziwa ngao wakati nimenunua koti la mvua. Kwenye mambo yake inafanya kazi vizuri. Kuosha gari sasa ni nusu ya muda wa zamani. Vumbi linaondoka kwa maji tu, tope la masika halishikilii milangoni. Na kunguru! Anayeegesha gari chini ya mti hapa Dar anajua ninachosema. Kinyesi chao kikikauka juani kinachimba rangi. Seramiki haimfukuzi kunguru wala haikuruhusu uache kinyesi siku tatu, ila inakupa muda wa kufika nyumbani ukalowesha na kufuta bila kubakiwa na kivuli chake.

Jambo moja ambalo hakuna fundi aliyenitahadharisha ni maji ya kisima. Kwetu maji ya kisima yana chumvi, sufuria zenyewe zinaota ukoko. Rangi yenye seramiki hukusanya maji kuwa matone ya duara. Matone hayo yakikaukia juani, kila tone linaacha pete nyeupe, na ukizoea kuyaacha pete zinagoma kutoka kwa sabuni. Kabla ya seramiki maji yalitandaa yakakauka kama ukungu, sasa nina nukta elfu. Dawa yake ni kuosha asubuhi au jioni kivulini na kukausha papo hapo. Siki iliyochanganywa na maji ilinisaidia kwa zile pete changa, nikasuuza haraka. Zilizokomaa zilihitaji polishi.

Mwezi wa tano baada ya seramiki nikaenda kwa fundi mwingine kuuliza filamu, ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi kuikinga na mawe. Huyu alikuwa na chumba kilichofungwa, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Kabla ya kutaja bei alipitisha kipimo cha unene wa rangi gari zima. Boneti mikroni 115, fenda 110, milango ya kushoto 120. Mlango wa nyuma kulia 340. Akanitazama kwa huruma. "Kaka, huu ulishapigwa rangi." Aliyeniuzia aliniapia gari halijawahi kuguswa. Fundi akasema mlango kama huo hapendi kuubandika, kwa sababu siku ya kubandua filamu rangi ya gereji inaweza kutoka nayo.

Kisha akachukua kipande cha sampuli, akakikwaruza kwa brashi ya waya wa shaba mpaka kikapauka, akamwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Mikwaruzo ikafutika mbele ya macho yangu. Plastiki hiyo ni poliyurethani, unene wa mikroni 200 hivi, na tabaka lake la juu hujirudi likipata joto. Ziko za bei rahisi za PVC, ngumu kuvutika, na jua huzigeuza za njano. Ukiambiwa bei ya ajabu uliza hilo kwanza.

Gari zima alitaka milioni saba na nusu. Nilicheka kwa heshima. Tukakubaliana sehemu ya mbele: boneti yote, bampa, fenda mbili, taa, migongo ya vioo vya pembeni na vile vikombe vya nyuma ya vitasa ambavyo kucha huchora. Milioni 2.4.

Halafu likaja lililoniuma. Filamu haishiki vizuri juu ya rangi yenye seramiki. Ikabidi seramiki yangu ya mbele, ya miezi mitano, iondolewe kwa polishi. Klia ikaliwa tena na pesa zikaenda. Utaratibu wenyewe ni filamu kwanza, seramiki juu yake na sehemu zilizobaki. Fundi wa kwanza aliuza alichokuwa nacho, na mimi sikuuliza. Alama za mawe nazo zilijazwa rangi kwanza, lakini chini ya filamu bado naziona nikizitafuta.

Kubandika ni kazi ya kuangalia mara moja maishani. Wananyunyizia maji yenye shampuu ya mtoto ili filamu iteleze, wanaipanga, kisha wanakamua maji kwa kifutio cha mpira. Niliuliza kama watakata kwa wembe juu ya rangi. Alinionyesha vipande vilivyokatwa tayari na mashine ya kompyuta kwa kipimo cha modeli hiyo, wembe ukibaki kwa kingo chache. Nilikaa nikizitazama hizo kingo kama mkwe anayehesabu sahani. Viputo vidogo vya maji vilibaki, vikakauka vyenyewe ndani ya wiki mbili. Chembe mbili za vumbi karibu na taa ya kulia zipo mpaka leo, na ukingo mmoja wa bampa uliinuka mwezi wa tatu baada ya kubandikwa. Ulibandikwa upya bure.

Tangu hapo nimekwenda Dodoma mara nne. Filamu ina vishimo vidogo, na kimoja kwenye bampa kimeipasua kabisa. Rangi chini yake salama. Mikwaruzo ya kuosha nikiegesha juani mchana hupotea, Dar haina uhaba wa dawa hiyo. Bodaboda aliyenipitia Mwenge alichora mlango wa nyuma, ambako hakuna filamu, na ule mchoro utabaki.

Hesabu yake? Kupiga rangi boneti gereji ya kawaida ni sehemu ndogo sana ya milioni 2.4. Anayetafuta kuokoa pesa asibandike. Mimi nilitaka boneti ibaki na zile 115 za kiwandani, kwa sababu rangi za gereji nyingi zinapauka kabla ya matairi kuisha. Shemeji yangu ana Vitz nyeupe ya kwenda sokoni na kurudi, nikamwambia anunue taulo laini na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza.

Taulo zangu natembea nazo. Vijana wa pale ninapooshea wameshanizoea, wakiniona wanarudisha kopo la sabuni ya unga. "Bosi, umekuja na vifaa vyako?" Nimekuja navyo. Nawaomba tu bomba la presha wasilielekeze kwenye kingo za filamu, na gari wasilianike juani. La pili bado wanasahau.